Je, kikombe kinaweza kulalamika? Jibu kwa mfinyanzi wa Tanga

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfinyanzi wa hapa Tanga, nina gurudumu na tanuri dogo la umeme. Majirani zangu kadhaa wamekwenda Oman na nchi za jirani yake kufanya kazi za ndani. Wengine wamerudi wakajenga nyumba, wengine wamerudi na makovu. Nimetengeneza sahani za kutundika ukutani, nimechora msichana analia, na chini yake nimeandika kwa rangi nyekundu "Acheni kuwatesa dada zetu". Rafiki yangu aliyesomea sanaa anasema hiyo si sanaa, ni bango. Mama yangu naye anasema chungu ni cha kupikia. Je, udongo unaweza kweli kusema jambo la jamii? Na ukisema, nani atasikia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Picha za sahani zako nimeziangalia vizuri. Ukingo umenyooka, mchoro hauna woga, na tanuri lako linaonekana limechoma sawasawa. Kwa hiyo ufundi tuuache kwanza, nianze na hao wawili wanaokuvuruga, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Rafiki yako amesema kweli kwamba sahani zile ni mabango. Ukiyachukua maneno yako ukayaandika kwenye karatasi au nyuma ya daladala, hakuna kitakachopungua. Udongo haukufanya kazi yoyote pale, umebeba tu. Mama yako ndiye ninayemsikiliza zaidi. Ametaja jambo ambalo sisi tuliosoma hulisahau: chombo kina kazi. Kuna anayekijaza, anayekula ndani yake na anayekiosha. Kazi za udongo ninazozijua ambazo ziliwahi kuigusa jamii mahali panapouma, nyingi zilianzia hapo. Mfinyanzi alikishika chombo ambacho tayari kilikuwa mhusika katika jambo lenyewe, akakigeuza kidogo tu.

Nikupe mfano ambao mimi binafsi nauweka juu ya yote. Katika wilaya ya Edgefield, jimbo la South Carolina nchini Marekani, alikuwapo mfinyanzi mtumwa aliyeitwa Dave. Alizaliwa karibu na mwaka 1801, na utumwa ulipokomeshwa akajulikana kama David Drake. Edgefield ilikuwa na viwanda vya mitungi ya udongo mgumu, iliyopakwa mchanganyiko wa majivu na udongo ambao ukiungua hugeuka kioo cha kijani au cha hudhurungi. Ndani ya mitungi hiyo walihifadhi nyama ya chumvi na mafuta ya nguruwe, chakula kilichoendesha mashamba makubwa ya watumwa. Dave alikuwa fundi wa mitungi mikubwa. Mmoja wa mwaka 1859 unakadiriwa kuchukua galoni 40, yaani kama lita 150. Wewe unayefinyanga unajua maana yake: udongo wa uzito huo hausimami bila mtu anayeuelewa.

Mwaka 1834 South Carolina ilipitisha sheria ya kukataza watumwa wasifundishwe kusoma wala kuandika. Dave alikuwa anajua vyote viwili, na hakuficha. Udongo ukiwa bado mbichi alichora begani mwa mtungi jina lake, tarehe, na mara nyingine ubeti wa mistari miwili. Beti nyingine ni za mzaha, zinausifu mtungi kwa kusema unaweza kumeza kondoo, mbuzi au hata dubu. Lakini tarehe 16 Agosti 1857 aliandika mstari mmoja akijiuliza jamaa zake wote wako wapi, na wa pili akitoa urafiki kwa watu wote na kwa kila taifa. Hakuna msichana analia hapo. Hakuna hata neno utumwa. Ni mtu tu anauliza ndugu zake wako wapi, katika nchi ambako ndugu huuzwa, tena anauliza juu ya chombo ambacho nacho kinakwenda kuuzwa.

Ona jinsi chombo kilivyomlinda. Bwana wake angetaka kuyafuta maneno yale baada ya mtungi kuchomwa, ingebidi auvunje mtungi, na mtungi ni pesa. Basi maneno yakatoka kiwandani yakaenda mashambani, yakakaa stoo miaka na miaka karibu na nyama, mahali ambapo watumwa wenzake waliingia na kutoka. Huo ni uchapishaji, bila mchapishaji na bila ruhusa. (Mwaka 2021 mtungi wake mmoja ulinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Dave akiwa mtumwa hakuumiliki hata mmoja kati ya ile aliyoifinyanga. Nalitaja hili ili usije ukadhani soko la sanaa ni sehemu ya haki.)

Mfano wa pili rafiki yako atakuwa anaujua, maana haukosekani darasani. Mwaka 1787 iliundwa kamati mjini London ya kupinga biashara ya watumwa. Josiah Wedgwood, mwenye kiwanda cha vyombo vilivyoingia mpaka meza za wafalme, akajiunga nayo, na fundi wake William Hackwood akafinyanga kidani kidogo cha sentimita tatu hivi: mtu mweusi amepiga goti, amefungwa minyororo, ameinua mikono, na pembeni maneno yanayouliza, "Je, mimi si mtu na ndugu?" Kilitolewa kwa wingi kwa kugandamiza udongo kwenye kalibu. Furushi moja likafika Philadelphia kwa Benjamin Franklin mwaka 1788, naye akasema picha ile inaweza kufanya kazi sawa na kijitabu kilichoandikwa vizuri kupita vyote. Wanaume wakakipachika kwenye mifuniko ya vikasha vya ugoro, wanawake wakakivaa kama bangili na pini za nywele. Kikawa fasheni, na fasheni hiyo ilisaidia, kwa sababu mtu aliweza kuonyesha yuko upande gani bila kufungua mdomo. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Kidani hakikuipitisha sheria, lakini kilikuwamo katika vuguvugu lililoipitisha.

Hata hivyo mtazame tena yule mtu wa kidani. Amepiga goti. Anaomba. Hana jina, hana kwao, hana alichofanya ila kuteseka, na anayeonekana mwema ni yule aliyemvaa kifuani. Wako watumwa walioasi, waliotoroka, waliosimama mahakamani, na hakuna hata mmoja wao kwenye kile kidani. Msichana wako anayelia ni ndugu yake. Dada wa Tanga aliyekopa nauli, akajifunza Kiarabu jikoni kwa watu, akasomesha wadogo zake wawili na kisha akadhulumiwa mshahara wa miezi minne, ukimchora analia tu umemnyang'anya mengi kuliko mwajiri wake. Nisamehe kwa ukali huo. Nausema kwa sababu mchoro wako una nguvu, na nguvu ikielekezwa vibaya hudhuru.

Katika vyombo vya harakati ile, mimi napenda zaidi vile ambavyo watu huvipita makumbusho bila kuvitazama: bakuli za sukari za miaka ya 1820. Sukari ya Waingereza ilitoka mashamba ya watumwa ya visiwa vya Karibi. Waliosusia wakanunua sukari ya India, na wakatengenezewa bakuli zenye maandishi ya dhahabu: sukari hii haikutengenezwa na watumwa. Nyuma yake ikaongezwa hesabu, kwamba familia sita zikitumia sukari hii badala ya ile ya Karibi, anahitajika mtumwa mmoja pungufu. Fikiria mgeni amekaribishwa chai, kijiko kiko mkononi, na bakuli linamwambia idadi. Maneno yaleyale yakiwa ukutani angeyapita, lakini pale yapo kati ya kijiko na kikombe chake. Ni kweli hesabu ile ilikuwa na harufu ya biashara ndani yake, na wakulima wa miwa wa India hawakuwa watu huru kama bakuli lilivyodai. Lakini mahali palipochaguliwa pa kusemea palikuwa penyewe.

Warusi wanatupa funzo la upande mwingine. Baada ya mapinduzi, kiwanda cha kauri cha mfalme kilichokuwa Petrograd (leo St. Petersburg) kilitaifishwa mwaka 1918. Ghalani walikuta sahani nyeupe tele ambazo hazijachorwa, zikiwa na muhuri wa mfalme kwenye kitako. Wasanii chini ya Sergey Chekhonin wakazichora kaulimbiu za mapinduzi upande wa juu, na upande wa chini muhuri wa zamani ukafunikwa kwa rangi au ukaachwa kando ya nyundo na mundu. Kwangu mimi habari yote iko huko chini: dola moja mgongoni mwa nyingine, juu ya udongo uleule. Sahani moja maarufu ya Mikhail Adamovich ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 ina sura ya Lenin, kadi za mgao wa chakula, na maneno "Asiyefanya kazi na asile", ambayo wazee wetu wa enzi za Azimio la Arusha hawahitaji kutafsiriwa. Mwaka 1921 njaa kubwa iliupiga ukanda wa mto Volga, na baadhi ya sahani zikauzwa kuchangia wenye njaa. Wafanyakazi waliochorwa humo hawakuzilia chakula. Zilikuwa chache na za bei kubwa, nyingi zikaishia kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Ukisikia mtu anasifu sanaa ya umma, muulize umma uliishika wapi.

Na kwa zama zetu yupo Ai Weiwei wa China. Wengi wanamjua kwa zile picha tatu za mwaka 1995 ambamo anaachia mtungi wa enzi ya Han, wenye miaka kama elfu mbili, uanguke na kupasuka. Zinashtua, sikatai, lakini mshtuko ukiisha unabaki na vigae. Kazi yake kubwa kwangu ni ya mwaka 2010, alipojaza ukumbi wa jumba la sanaa la Tate Modern mjini London mbegu za alizeti milioni 100, tani 150, zote za kauri, kila moja imechorwa kwa mkono. Zilitengenezwa Jingdezhen, mji ambao ndio ulioilisha dunia kauri kwa karne nyingi, na watu wapatao 1,600 walishiriki. Katika mabango ya enzi ya Mao kiongozi alikuwa jua na wananchi alizeti zinazomgeukia. Mbegu za alizeti pia ni kitafunwa cha kawaida, watu huzitafuna na kupeana wakipiga soga. Kwa mbali ulikuwa uwanda wa kijivu, ukiokota moja unakuta haifanani na jirani yake. Hakuandika neno hata moja. Swali la mtu mmoja ndani ya umati, na swali la bidhaa nafuu zinazotoka China zimepitia mikono ya nani, yote yamo ndani ya namna zilivyotengenezwa. Lakini wale 1,600 majina yao hayakusomeka ukutani, limesomeka la mmoja. Hilo nitalirudia, linakuhusu.

Usidhani mambo haya ni ya Ulaya na China tu, na kwamba sisi tulikuwa tunafinyanga vyungu vya maharage tukingoja kufundishwa. Hapo mkoani kwako, kwa Wazigua na Wasambaa, na kwa makabila mengine ya bara, sanamu ndogo za udongo zilitumika kufundishia wari jandoni na unyagoni. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizikusanya nyingi. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na kila wimbo na somo lake: adabu kwa wakwe, mambo ya ndoa, uvivu, tamaa. Zambia nako, kwa Wabemba, mwali alionyeshwa vitu vya udongo vinavyoitwa mbusa, vinavyofinyangwa kwa ajili ya sherehe na kuharibiwa baadaye. Sasa hiyo kama si kuisema jamii kwa udongo, ni nini? Tena kuna ujanja ndani yake: sanamu bila wimbo haimwambii mtu kitu. Aliyeingia ndani anaelewa, aliye nje anaona kimdoli.

Na ukitoka mjini ukashuka Tongoni utakuta makaburi ya nguzo. Makaburi ya namna hiyo pwani hii, kuanzia Mambrui mpaka Kunduchi, yalipachikwa bakuli za kauri za kutoka ng'ambo, za China zikiwamo. Bakuli la kulia likawekwa kwenye kaburi, juu, mahali ambapo hakuna atakayekula ndani yake, ili kila mpita njia ajue aliyelala pale alikuwa nani na alifanya biashara na nani. Ndani ya nyumba za mawe za Lamu na Pate sahani zilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kwa sababu hiyohiyo. Mshairi wa zamani wa Pate alipotaka kuwaonyesha waungwana kwamba fahari imekufa, alitaja madaka yale ya sahani yaliyogeuka malazi ya makinda ya ndege. Pwani yetu imezoea kusoma hali ya mtu kwenye vyombo vyake, na wewe unaweza kuutegemea usomaji huo.

Sasa kazi yako.

Sahani ya ukutani iache. Hailiwi, haioshwi, haipiti mkono kwa mkono, na kwenye nyumba unazozilenga itakaa sebuleni kama kalenda. Jiulize badala yake: katika safari ya yule dada, ni chombo gani kinachosafiri naye? Mimi nikifikiri naona finjani, kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono. Tanga muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe, wazee wanakunywa barazani. Muscat mwenyeji anammiminia mgeni, na mgeni akitosheka anakitikisa kikombe kidogo ndipo mwenyeji anaacha kumimina. Ni kikombe kilekile pande mbili za bahari. Dada akifika kule anakikuta, na kuanzia siku hiyo kazi yake mojawapo ni kukijaza, kukikusanya na kukiosha. Mtu anayeshughulika nacho kuliko wote ndiye ambaye hanywi nacho mbele za wageni.

Tengeneza finjani, nyeupe, nzuri, za kutamanika hata kwa harusi. Usizichore kitu upande wa nje. Maneno yaweke kwenye kitako. Mtu akiinua kikombe kunywa, yeye mwenyewe hakioni kitako, anakiona aliyeketi mbele yake. Barazani kila mmoja atasoma kikombe cha mwenzake. Na baada ya hapo atakayekigeuza na kukisoma kwa utulivu ni anayekiosha. Kitako cha finjani kina nafasi ndogo, karibu sawa na kile kidani cha Wedgwood, kwa hiyo utalazimika kuwa na maneno machache. Hiyo ni neema kwako, maana kaulimbiu yako ilikuwa ndefu.

Usitunge maneno hayo wewe. Hapa ndipo ninaporudi kwa wale 1,600. Ulisema majirani zako wamerudi. Kaa nao. Waulize kila mmoja kama angependa kuacha sentensi moja kwenye kikombe, naye achague ipi. Nina hakika hutapata "acheni kututesa". Utapata mambo ya aina hii: saa niliyokuwa ninaamka, mwezi ambao mshahara haukuja, nani alikuwa ameishika pasi yangu ya kusafiria, siku niliyoruhusiwa kupiga simu nyumbani, na pia, tafadhali usiyaruke haya, shule niliyomlipia mdogo wangu na bati nililoezekea. Yule aliyerudi akajenga nyumba ana haki ya kikombe kama yule aliyerudi na kovu, na vikiwa meza moja vitamfanya mtu afikiri zaidi kuliko vya kilio peke yake. Kama ana mkono wa kutulia, mwachie agandamize muhuri mwenyewe kwenye udongo. Majina ya waajiri na ya wakala usiyaweke, na ya akina dada usiyaweke mpaka mwenyewe aseme nataka. Wengine wanafikiria kurudi kule, na chini ya kafala, ule mfumo wa kudhaminiwa na mwajiri, kibali chao cha kuishi kinamtegemea yeye. Kikombe kikiwaharibia, kosa ni lako.

Kuna karakana moja Afrika Kusini inayoitwa Ardmore, huko KwaZulu-Natal, iliyoanzishwa na Fée Halsted mwaka 1985. Mwanafunzi wake wa kwanza, Bonnie Ntshalintshali, alishinda naye tuzo kubwa ya wasanii vijana wa nchi hiyo mwaka 1990, na mwaka 1999 UKIMWI ukamchukua. Wenzake kadhaa wakafuata. Wakati viongozi wakuu wa nchi walikuwa wakibishana kama virusi ndivyo vinavyoleta ugonjwa huo, pale karakanani watu walikuwa wakifinyanga na kuchora habari za UKIMWI kwenye sahani na vyungu vyao. Hawakuwa wakizungumza kwa niaba ya mtu. Ukiwaingiza akina dada kwenye kazi yako kama wafinyanzi wenzako, hata kwa siku moja, kazi itasogea upande huo.

Umeuliza nani atasikia. Sahani ya ukutani husikiwa na aliyeinunua, ambaye tayari anakubaliana nawe. Finjani huuzwa kwa seti za sita, na hapa una bahati ambayo Wedgwood hakuwa nayo: kule zinakokwenda kuna watu wanaokisoma Kiswahili. Muscat imejaa familia zenye asili ya Zanzibar, wanaozungumza Kiswahili chumbani na Kiarabu ofisini. Seti moja ikipelekwa kama zawadi itasomeka bila mkalimani, na itasomwa na mwenye nyumba na mfanyakazi wa ndani kwa pamoja. Seti nyingine mpe muuza kahawa wa mtaani kwako azitumie, azivunje akipenda. Moja ikienda kwenye maonyesho si dhambi, rafiki yako ataridhika. Ila nakuomba usiandike karatasi ndefu ya kueleza pembeni yake. Mtu akikiinua kikombe ataelewa.

Neno moja kwa rafiki yako, kwa kuwa atakuja na hoja kwamba maneno hayana nafasi katika ufinyanzi mzito. Atamtaja Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza Abuja ya zamani, Nigeria (mji ambao leo unaitwa Suleja), kwa Ladi Kwali, yule mama mfinyanzi ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Mitungi ya Odundo haina herufi hata moja, ina tumbo, shingo na mgongo wa mwanamke, inang'aa kwa kusuguliwa tu. Ni kweli, na ni kazi kubwa. Lakini Dave aliandika, na Mwingereza Grayson Perry, aliyepata tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 2003, ameandika na kuchora mambo ya aibu ya jamii yake kwenye vyombo ambavyo kwa mbali vinapendeza kama vya bibi harusi. Maneno hayana kosa. Kosa ni maneno yaliyokodi chombo kama yanavyoweza kukodi ukuta wowote.

Sasa ufundi kidogo. Kitako cha kikombe hakipakwi ule mpako wa kioo, ukipakwa kitagandia kwenye rafu ya tanuri. Kwa hiyo umeshapewa uwanja mkavu wa kuandikia. Chonga muhuri kwenye plasta, au kwenye udongo uliochomwa mara moja, herufi zikiwa zimetokeza na zimegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Gandamiza wakati udongo umekauka kidogo, bado unapokea alama lakini haunati kidoleni. Ukiwahi, herufi zitavimba pembeni, ukichelewa kitako kitapasuka. Kumbuka udongo wako utanywea, huenda sehemu moja ya kumi au zaidi kuanzia ubichi hadi kuungua, na herufi zitanywea nazo, kwa hiyo chonga kubwa kuliko unavyotaka zionekane. Sugulia rangi nyeusi ya oksidi ya chuma ndani ya herufi, futa juu kwa sifongo lenye maji, ibaki kwenye mistari tu. Nyekundu achana nayo. Chuma kwenye moto mkali hugeuka hudhurungi, na zile nyekundu kali za dukani nyingi zina kemikali ambazo sizitaki karibu na mdomo wa mtu.

Ndani ya kikombe paka mpako usio na risasi, na uchome mpaka joto lililoandikwa kwenye gunia la mpako, usipunguze kuokoa umeme. Kikombe kisichoiva hunyonya kahawa, hutoa jasho chini, na maneno yako yataota ukungu. Kabla hujauza hata kimoja, jaza siki usiku kucha: rangi ikififia au uso wake ukibadilika ukiugusa, mpako huo haufai kwa kinywaji. Kisipobadilika bado si cheti, kipeleke kipimwe kama unaweza. Vumbi la udongo mkavu usilifagie, lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Hata pale Tate Modern, siku chache tu baada ya kufungua, watu walizuiwa kukanyaga zile mbegu kwa sababu ya vumbi la kauri, na chumba chako hakina madirisha ya Tate.

Fanya kwanza vitako vitupu kumi hivi, vipande bapa bila kikombe juu yake, kila kimoja na ukubwa tofauti wa herufi na wakati tofauti wa kugandamiza. Nitumie picha zake vikitoka tanurini, upande wa herufi, kwenye mwanga wa jua.